Maria Montessori, Mwalimu wa Watoto Wadogo

1. Msichana aliyetaka kusoma

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870. Alizaliwa katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Italia ni nchi ya Ulaya. Ukiitazama katika ramani utaona kwamba imeingia baharini kama mguu uliovaa buti.

Baba yake aliitwa Alessandro. Alikuwa mtumishi wa serikali, na kazi yake ilikuwa ya mahesabu. Mama yake aliitwa Renilde. Mama huyu alipenda sana kusoma vitabu. Siku zile wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma wala kuandika. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee.

Mwaka 1875 Alessandro alihamishiwa Roma, mji mkuu wa Italia. Huko ndiko Maria alikokulia na kusoma. Alipenda hesabu kuliko masomo mengine. Alipofika umri wa miaka 13 aliingia shule ya ufundi. Karibu wanafunzi wote wa shule ile walikuwa wavulana. Maria alitaka kuwa mhandisi.

Baba yake hakupendezwa. Aliona kwamba kazi inayomfaa msichana ni ualimu. Maria alikataa. Alisema kazi yoyote ataikubali, lakini ualimu hapana. Baadaye aliacha mawazo ya uhandisi, akataka kuwa daktari. Hapo baba alizidi kuudhika, lakini mama alimuunga mkono binti yake.

Maria aliingia Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1890. Alianza na masomo ya sayansi, kisha akaingia katika masomo ya udaktari. Maisha yake chuoni hayakuwa rahisi. Wanafunzi wa udaktari hujifunza kwa kupasua maiti. Watu waliona ni aibu mwanamke kutazama maiti iliyo uchi pamoja na wanaume. Kwa hiyo Maria alilazimika kufanya kazi hiyo peke yake, wakati wenzake wamekwisha kuondoka. Fikiri jinsi ilivyokuwa: msichana peke yake jioni, katika chumba chenye maiti. Hata hivyo hakuacha.

Mwezi wa Julai 1896 alipata shahada ya udaktari. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuwa madaktari katika Italia. Mwaka huohuo alikwenda Berlin, Ujerumani, katika mkutano wa wanawake. Huko alidai kwamba mwanamke afanyaye kazi sawa na mwanamume alipwe mshahara sawa.

2. Watoto waliofungiwa ndani

Maria alifanya kazi katika hospitali za Roma. Kazi yake ilimpeleka katika nyumba walimofungiwa wagonjwa wa akili. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili. Watoto hao walikuwa wamechanganywa na watu wazima wagonjwa. Hawakuwa na shule wala kitu cha kuchezea. Watu waliamini kwamba hawawezi kufundishika.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwanamke aliyewatunza alilalamika juu yao. Alisema ni walafi, kwa sababu wakimaliza kula huanguka sakafuni kuokota makombo ya mkate. Maria aliwatazama kwa makini. Akaona kwamba hawakula yale makombo tu. Waliyashika, wakayaminya, wakayageuzageuza vidoleni. Katika chumba kile hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Maria akaona kwamba mikono yao ilikuwa na njaa ya kazi.

Alitafuta vitabu vya watu waliowahi kufundisha watoto wa namna ile. Alivipata vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin. Madaktari hao walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa wamewafundisha watoto kwa kuwapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Maria alivisoma vitabu hivyo, akavitafsiri na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1900 shule ya watoto hao ilifunguliwa Roma. Maria alikuwa mmoja wa wakuu wake wawili. Alishinda na watoto mchana kutwa, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto wakajua kusoma na kuandika. Walipofanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, walifaulu.

Watu walimsifu sana. Lakini Maria alikuwa na swali moja moyoni. Kama watoto hawa wameweza kufaulu, je, wale wenye akili timamu wanazuiwa na nini wasifike mbali zaidi? Siku zile watoto shuleni walikaa kimya katika madawati. Walisikiliza tu, wala hawakushika kitu.

3. Mwanawe mwenyewe

Hapa kuna jambo la huzuni katika maisha ya Maria. Mkuu mwenzake katika shule ile alikuwa daktari aliyeitwa Giuseppe Montesano. Maria na daktari huyu walipendana, lakini hawakuoana. Mwaka 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume. Mtoto aliitwa Mario.

Wakati ule mwanamke aliyezaa bila ndoa alidharauliwa na kupoteza kazi yake. Basi jambo lilifichwa. Mario alipelekwa shamba, akalelewa na watu wengine. Maria alikwenda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa kwamba mgeni yule ndiye mama yake.

Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine. Maria aliiacha shule ile, akarudi chuo kikuu kusoma tena. Safari hii alisoma habari za malezi na tabia za binadamu.

Mama yake Maria alikufa mwaka 1912. Muda mfupi baadaye Maria alimchukua Mario, ambaye sasa alikuwa kijana wa miaka kama 15. Tangu hapo hawakuachana, isipokuwa kwa muda mfupi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mbele za watu Mario alitajwa kuwa jamaa yake tu. Hivyo mwanamke aliyewafundisha wazazi wengi namna ya kulea hakupata kumlea mwanawe alipokuwa mdogo. Miaka ile haikuweza kurudi.

4. Nyumba ya Watoto

Katika mji wa Roma palikuwa na mtaa wa maskini ulioitwa San Lorenzo. Kampuni moja ilitengeneza nyumba za mtaa ule ili wafanyakazi wapange. Wazazi walitoka alfajiri kwenda kazini. Watoto wakubwa walikwenda shule. Wadogo walibaki peke yao. Walikimbia ngazini, wakachafua na kuharibu kuta. Wenye nyumba waliona hasara. Wakaamua kutenga chumba kimoja ili watoto wakusanywe humo. Wakamwomba Maria awasimamie.

Tarehe 6 Januari 1907 chumba hicho kilifunguliwa. Kiliitwa Nyumba ya Watoto. Watoto walikuwa zaidi ya 50, na umri wao ulikuwa kati ya miaka miwili na saba. Wengi walikuwa na hofu na machozi. Hapakuwa na fedha za kutosha kumlipa mwalimu. Aliwekwa mwanamke kijana ambaye hakuwa amesomea ualimu. Maria hakusikitika. Alimwambia asiwafundishe kwa maneno mengi, bali awaonyeshe watoto namna ya kutumia vitu, kisha awaache wafanye wenyewe.

Baadaye Maria aliagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto anaweza kubeba mwenyewe. Kabati zilikuwa fupi ili mtoto afikie vitu bila kuomba. Watoto walifundishwa kunawa, kufagia, kufunga vifungo na kuandaa meza.

5. Kikubwa na kidogo, kirefu na kifupi

Maria aliwapa watoto vifaa vya mbao. Vifaa hivyo viliwafundisha kulinganisha ukubwa wa vitu. Hebu tuvitazame vinne.

Kifaa cha kwanza ni gogo lenye matundu kumi. Kila tundu lina kipande chake cha mti cha mviringo, chenye kishikio juu kama mfuniko wa sufuria. Vipande hivyo vinatofautiana. Katika gogo moja vinatofautiana unene. Katika jingine vinatofautiana urefu. Mtoto huvitoa vyote, huvichanganya, kisha hukitafutia kila kipande tundu lake.

Kifaa cha pili ni mnara. Mnara una vipande kumi vya mti. Kila kipande kina pande zote sawa, kama sabuni ya mche ukiikata vizuri. Kidogo kabisa kina upande wa sentimita 1. Cha pili kina sentimita 2, na kadhalika, mpaka kikubwa chenye sentimita 10. Mtoto huweka kikubwa chini, kisha hupandisha kimoja juu ya kingine mpaka kile kidogo.

Kifaa cha tatu ni ngazi. Ina vipande kumi vyenye urefu mmoja wa sentimita 20, lakini unene mbalimbali. Mtoto huvipanga toka kinene mpaka chembamba.

Kifaa cha nne ni fimbo kumi. Fimbo zote zina unene mmoja, lakini urefu si mmoja. Fupi ina sentimita 10, na ndefu ina mita 1. Mtoto akiibeba fimbo ndefu hulazimika kunyosha mikono yote miwili. Hapo mwili wake wenyewe unamwambia kwamba hii ni ndefu.

Angalia busara iliyomo. Vipande vyote vya mnara vina rangi moja. Kwa nini? Kama kila kipande kingekuwa na rangi yake, mtoto angetazama rangi na kusahau ukubwa. Maria alitaka mtoto alinganishe jambo moja kwa wakati mmoja.

Busara nyingine iko katika makosa. Mtoto akiweka kipande chembamba katika tundu pana, kipande hicho kinazama na kuchezacheza. Mwishoni hubaki kipande kinene na tundu jembamba, navyo havikubaliani. Mtoto anaona mwenyewe kwamba amekosea. Huvitoa na kuanza tena. Hakuna haja ya mtu kumkemea wala kumcheka.

Maneno yalikuja baada ya mikono. Mtoto akishazoea kupanga, mwalimu alifuata hatua tatu. Kwanza alichukua kipande kikubwa kabisa na kidogo kabisa, akavitaja majina: hiki kikubwa, hiki kidogo. Pili alimwomba mtoto ampe kikubwa, kisha ampe kidogo. Tatu alionyesha kipande kimoja na kumwuliza mtoto kikoje. Mtoto akikosea, mwalimu hakubishana naye. Aliacha, akarudia siku nyingine.

Siku moja Maria alimwona mtoto wa kike wa miaka kama mitatu akifanya kazi na lile gogo la matundu. Alitoa vipande, akavirudisha, akavitoa tena. Maria akaanza kuhesabu. Kisha akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Mtoto yule hakugeuka. Maria akakiinua kiti chake pamoja na mtoto mwenyewe, akakiweka juu ya meza. Mtoto alilipakata gogo lake na kuendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa furaha, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Jambo hili lilimfundisha Maria mengi. Watu walisema kwamba mtoto mdogo hawezi kutulia. Maria aliona kwamba mtoto hutulia sana akipata kazi inayomfaa mikono yake.

Baadhi ya mama wa San Lorenzo hawakujua kusoma. Waliona watoto wao wanabadilika, wakaomba wafundishwe pia kusoma na kuandika. Maria alitengeneza herufi za karatasi ya msasa. Watoto walizipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Miezi michache baadaye baadhi ya watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika maneno.

6. Sifa na misukosuko

Habari za Nyumba ya Watoto zilienea upesi. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi. Mwaka 1909 Maria alitoa kitabu juu ya njia yake ya kufundisha. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1915 alikwenda San Francisco, Marekani, kwenye maonyesho makubwa. Huko darasa lake lilijengewa kuta za vioo ili watu watazame watoto wakifanya kazi.

Si wote waliokubaliana naye. Baadhi ya wataalamu walisema kwamba vifaa vyake havimpi mtoto nafasi ya kutosha ya kucheza na kubuni. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi.

Misukosuko mingine ilitokana na siasa. Mtawala wa Italia, Mussolini, mwanzoni aliziunga mkono shule za Maria. Baadaye alitaka zifuate amri zake. Maria hakukubali, na mwaka 1934 aliondoka Italia. Shule zake zilifungwa. Nchini Ujerumani nako serikali ya Hitler ilizifunga. Maria akaishi Hispania, lakini mwaka 1936 vita vilizuka huko. Akakimbia tena, akafika Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alisafiri na Mario mpaka India kufundisha walimu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza. India ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza, na Waitaliano walio katika India wakahesabiwa kuwa maadui. Mario aliwekwa kizuizini. Maria hakuruhusiwa kwenda atakako. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huohuo, Maria alipotimiza miaka 70, Waingereza walimrudishia mwanawe. Walikaa India mpaka mwaka 1946, na katika miaka hiyo walifundisha walimu zaidi ya 1,000.

Maria alirudi Ulaya. Jina lake lilipendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, lakini hakuipata. Alikufa tarehe 6 Mei 1952 katika mji wa Noordwijk aan Zee, Uholanzi. Alikuwa na miaka 81. Alizikwa huko. Mario aliendeleza kazi yake mpaka alipokufa mwaka 1982.

Mwaka 1990 serikali ya Italia iliweka picha ya Maria katika noti ya lira 1,000. Noti hiyo ilitumika mpaka Italia ilipoanza kutumia fedha ya yuro mwaka 2002.

7. Nasi nyumbani tufanye nini?

Leo shule zinazofuata njia ya Maria ziko katika nchi nyingi, na Tanzania na Kenya zimo. Nyingi hutoza ada kubwa, na vifaa vyake ni ghali. Wazazi wengi hawaviwezi. Lakini tusisahau kwamba njia hii ilianza na watoto wa maskini. Mzazi wa kijijini anaweza kumfundisha mtoto wake kulinganisha vitu bila kutoa hata senti.

Chukua mabua ya mahindi makavu. Kata vipande vitano: kimoja kirefu kama mkono wako, kingine kifupi kidogo, na kadhalika. Mpe mtoto avipange toka kirefu mpaka kifupi. Lainisha ncha zake zisimkate.

Chukua sufuria zako tatu au nne na mifuniko yake. Changanya mifuniko. Mwache mtoto atafute kila mfuniko na sufuria yake. Sufuria zenyewe zitamwambia kama amekosea.

Chukua vibuyu au mawe ya ukubwa mbalimbali. Mwombe mtoto apange toka kikubwa mpaka kidogo. Usimpe vitu vidogo kama punje au kokoto anazoweza kumeza.

Mwonyeshe mara moja, polepole. Kisha kaa kando. Akikosea usimnyang'anye, usimcheke. Mwache atazame, aanze tena. Akizoea, mtajie maneno: refu na fupi, nene na nyembamba, kubwa na dogo. Hata wakati wa kuchambua maharage au kupanga kuni, mtoto anaweza kusaidia na kujifunza.

Mtoto anayejua kwamba bua hili ni refu kuliko lile amekwisha kuianza hesabu. Akifika darasa la kwanza, namba hazitamtisha.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Baba yake Maria alitaka binti yake afanye kazi gani? Maria alisema nini?
2. Kwa nini wale watoto waliofungiwa waliokota makombo ya mkate?
3. Kwa nini vipande vyote vya mnara vina rangi moja?
4. Mtoto anajuaje mwenyewe kwamba amekosea?
5. Kwa nini Maria hakumlea Mario alipokuwa mdogo? Wewe unaonaje?
6. Taja vitu vitatu vya nyumbani kwako vinavyoweza kumfundisha mtoto kikubwa na kidogo. Vilete darasani tuvitazame.